Shangazi, wanataka niandike kwamba injini ni ile ile

Shikamoo Shangazi,

Mimi naandika kutoka Jinja, Walukuba, ni mtoto wa tatu kwa mzee fundi na wa kike ni mimi peke yangu, naomba jina langu usilitoe. Naandika saa hizi za usiku maana mchana hapa kwetu huwezi hata kufikiri, na hili jambo nina wiki mbili nalo usingizi sipati.

Mzee wangu ana gari. Si hizi tunazoziona kila siku, ni MGB ya 1966, gari ya kampuni ya MG, ile ya wazi, viti viwili, juu haina kitu ila turubai unalolifunga kwa mkono mvua ikija, rimu za spoku, imetoka kiwandani Abingdon kule Uingereza. Aliinunua 1972. Amin alishatangaza mwezi wa 8 kwamba Wahindi wana siku 90 waondoke, na mzee wakati ule kijana tu, fundi kwenye gereji iliyokuwa inaishughulikia hiyo gari, mwenyewe alikuwa bwana mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa Main Street. Yule bwana akamwita dukani jioni akamwambia gari hii unaijua wewe kuliko mimi, nipe ulicho nacho. Mzee akatoa akiba yote na baiskeli yake juu, wakaandikiana kwenye karatasi ya risiti ya duka, ikapigwa muhuri, na logibuku ikageuzwa jina kabla yule bwana hajapanda ndege. Hiyo karatasi ipo mpaka leo kwenye sanduku la bati la marehemu mama.

Sasa enzi zile wanajeshi walikuwa wakiipenda gari yako wanaichukua, basi. Mzee akafanya akili, akaipeleka Bugembe kwa bibi, akatoa magurudumu yote manne akaipandisha juu ya matofali, akaifunika mabati chakavu ionekane imekufa. Kuku wakawa wanatagia kwenye siti. Sisi tumekua tunaijua hivyo, banda la kuku lenye usukani.

Ilikaa miaka na ile injini yake ya mwanzo ikaharibika, pistoni zikashikana na kutu, alipojaribu kuifungua akakuta blok, ule mwili wa injini, ina ufa. Mwaka 1991 mimi nimefaulu kwenda S.1, sekondari mwaka wa kwanza, na ada hakuna, mzee akauza ile injini kwa watu wa chuma chakavu, akaongezea na pesa alizokopa, mimi nikaenda shule. Nakumbuka walivyoibeba, wanaume wanne, wakaiweka kwenye mkokoteni.

2011 ndio akaanza kuifufua. Injini nyingine akaipata Nairobi, imetoka kwenye MGB iliyogongwa, kibati chake cha namba kinaanza na 18V, akahangaika nayo mpaka ikakaa vizuri na gia boksi ya zamani. Bodi amechomelea mwenyewe pale uani, spea kidogo kidogo anazileta mtu akitoka London, mara gasketi, mara bomba za breki, mara zile raba za milango. Ikatembea 2019. Siku ya Idi alitupitisha kwenye daraja jipya la Nile turubai limefunguliwa, mzee kavaa kanzu, bodaboda wanapunguza mwendo watuangalie, mimi nililia Shangazi, sikuficha.

Sasa macho. Mzee ana presha ya macho, la kushoto limeshakwenda na la kulia linapungua. Yeye mwenyewe ndiye alisema tuuze, alituita akasema gari ya wazi ni ya mtu anayeona. Sote tukakubali. Kaka yangu anayekaa Kampala akapata wakala, anasema ana watu wa Ulaya wanaokusanya magari ya zamani na hii itauzwa dola 60,000. Lakini tangazo liandikwe kwamba injini ni ya asili na namba zinalingana, na kwamba bodi haijawahi kuchomelewa. Nikamuuliza kaka, namba zitalinganaje na injini ile tuliiuza? Akasema wakala ana mtu wa kugonga kibati kipya, anachukua namba iliyoko kwenye logibuku ya zamani anaigonga, hiki cha 18V kinatolewa, nani atajua. Wakala anataka pia shilingi milioni tatu na nusu mbele za kufungulia faili la mnada, na gari ipakiwe ipelekwe nje ikasubiri wateja.

Mimi ndiye natakiwa kuandika kwa sababu nafanya kazi ya ofisi na Kiingereza changu kimenyooka. Nilipokataa kaka akaniambia mbele ya mdogo wetu, kwa hiyo wewe unataka mzee apofuke kwa ajili ya namba? Shangazi neno hilo limenikaa hapa kifuani. Na mzee hajui chochote kuhusu kibati. Ameniambia tu, ukimaliza kuandika unisomee.

Nifanyeje?

Binti wa Fundi, Jinja


Marahaba mwanangu, pole sana, na mpe mzee salamu zangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya pili nikampigia fundi mmoja mzee wa hapa Kampala aliyewahi kuzishika hizi MG kwa mikono yake enzi zile, maana sikutaka kukujibu kwa hisia peke yake. Mengi ya injini utakayosoma hapa chini nimeyahakikisha kwake.

Kabla ya gari tuanze na jicho, kwa sababu kaka yako amefunga vitu viwili kamba moja na ndio maana unaumia. Presha ya macho haisubiri mnunuzi. Kilichopotea kwenye jicho la kushoto hakirudi hata kwa dola laki moja, kinachotibiwa ni kilichobaki, na kila mwezi unaopita mkibishana kuhusu tangazo jicho la kulia linalipa. Kuuza gari ya namna hii kwa mtu wa maana kunaweza kuchukua miezi, hata mwaka. Kwa hiyo zile milioni tatu na nusu mlizokuwa mmejipanga kumpa wakala, hizo hizo, peleka mzee nazo kliniki ya macho wiki hii, kama si hapo hospitali ya rufaa basi njooni Kampala, Mulago au Mengo, wampime presha, wamwanzishie matone, waseme kama upasuaji unahitajika na ni shilingi ngapi. Mkishaijua hesabu hiyo, nyumba itatulia. Na lile neno la kaka litakosa pa kusimama, maana wewe ndiye utakuwa umempeleka.

Haya, gari.

Mwanangu, hakuna mtu anayeijua MGB atatoa dola 60,000 kwa ya kawaida ya 1966, hata ingekuwa na injini yake ya mwanzo na kila nati iliyotoka nayo Abingdon. Si kwamba gari ni mbaya, ni gari nzuri mno, ila zilitengenezwa nyingi, kuanzia 1962 mpaka 1980, zaidi ya laki tano ukijumlisha zile za wazi na zile zenye paa. Spea zinapatikana mpaka leo, hata bodi mpya kabisa wanazitengeneza tangu 1988. Ndio maana watu wanazipenda, na ndio maana bei yake haipandi mbinguni. Iliyotunzwa vizuri kule Uingereza aghalabu haizidi bei ya gari ndogo mpya ya dukani. Huyo wakala ama hajui anachokisema ama anajua sana, na mtu anayekutajia bei ya ndoto halafu anaomba milioni tatu na nusu mbele, mimi kwa umri wangu huu naangalia ile milioni tatu na nusu, ndio biashara yake. Mnada wa kweli chake hukikata gari ikishauzwa. Kama kuna ada ya kuingiza gari imeandikwa kwenye mkataba na inalipwa kwa kampuni yenyewe, unapewa stakabadhi. Haitumwi kwenye namba ya simu ya mtu.

Sasa hicho kibati. Hapa nataka unisikilize vizuri maana ndipo kaka yako anapodhani hakuna atakayejua.

Yule fundi mzee nilipomtajia 18V tu, hajaniuliza kitu kingine, akasema "Hiyo si ya 66." Hakuiona gari, yuko kwenye simu anakunywa chai. MGB ya 1966 ilitoka na injini ya namba inayoanza na 18GB, hizo 18V zilikuja miaka ya 70. Sawa, utasema kibati kitabadilishwa. Lakini kibati ni kipande kidogo cha bati kimepigwa ribiti ubavuni mwa blok, injini yenyewe ina namba nyingine zilizotoka pamoja na chuma kilipoyeyushwa, kwenye blok na kwenye silinda hedi, na hizo hazing'oki kwa bisibisi. Anayekusanya magari haya hasomi kibati peke yake, anainama na tochi. Akikuta kibati kipya kinang'aa cha 18GB juu ya blok ya miaka ya 70, hataondoka akisema injini imebadilishwa, kwani injini kubadilishwa ni jambo la kawaida kabisa kwa gari ya miaka karibu sitini. Ataondoka akisema hawa ni wezi. Na kuanzia hapo hata ile karatasi ya muhuri ya 1972, ambayo ni ya kweli, ataiona ya kughushi.

Na kisheria usiingie huko. Kugonga upya namba za gari ni kosa, na jina litakalokuwa kwenye logibuku siku hiyo ni la mzee, si la wakala. Wakala atazima simu. Polisi wakija watakuja Walukuba, kwa mtu wa miaka sabini na kitu asiyeona vizuri, kumuuliza kuhusu kitu ambacho hata hakuambiwa. Mwambie kaka hivyo hivyo, taratibu, asubuhi, bila mdogo wenu kuwepo, maana mkubwa ukimkosoa mbele ya mdogo anashikilia hata anachojua ni kibaya. Na usianze na gari. Anza na "kaka nimepata nafasi ya mzee kliniki, nisindikize."

Kuhusu bodi haijachomelewa, hilo nalo lifute. MGB haina chesisi ya peke yake kama Land Rover za zamani, nguvu yake iko kwenye bodi yenyewe, hasa ule ubavu wa chini, chini ya milango, na hii ya wazi ndio zaidi kwa sababu juu hakuna paa la kuishika. Kutu ikila pale gari inajikunja katikati kama mkate. Kwa hiyo mnunuzi yeyote mwenye akili kitu cha kwanza atapita na sumaku pale chini, halafu ataomba jeki. Yule fundi ameniambia mfanye hivi wenyewe kabla hajaja mtu: pigeni jeki upande mmoja mpaka gurudumu linanyanyuka, halafu fungua mlango wa upande huo na uufunge. Ukifunguka na kufunga kama kawaida, kazi ya mzee ni nzima na mpige video. Ukikwama au ule mwanya wa mlango ukabana juu, kuna mahali hapajashika, na ni bora mlijue nyinyi kwanza. Mimi nina imani na mikono ya mzee. Fundi aliyechomelea gari yake mwenyewe miaka minane uani kwake, kazi hiyo inaandikwa kwa fahari, mnaificha ya nini? Kama kuna picha za wakati anaichomelea, hata zile zimekunjika, hata za simu ya zamani, zikusanye zote. Mtu wa kukusanya magari anapenda kuona bodi ikiwa uchi, kabla ya rangi, anajua chini ya rangi kuna nini.

Kuna kitu kingine utafute. Kule Gaydon, Uingereza, jumba la makumbusho la magari, British Motor Museum, wanazo rekodi za kiwanda cha MG na wanatoa cheti. Unawapa namba ya chesisi, wanaiita hivyo japo chesisi ya peke yake haina, iko kwenye kibati kilichopigwa ribiti mle ndani ya bonneti, yako itaanza na GHN3, unalipa ada yao, wanakuandikia gari ilikamilika lini, rangi gani, injini namba ngapi, ilitumwa wapi. Omba hicho cheti. Kwanza kitathibitisha kwamba bodi ni yenyewe, na bodi ndiyo gari. Pili kitataja ile namba ya injini ya mwanzo, na wewe utaandika chini yake ilikokwenda. Mzee atafurahi pia kusomewa rangi, maana wengi wamezipaka upya na chini ya dashibodi bado kuna rangi ya kiwandani, mwulize yeye aliikuta ya rangi gani, nina hakika anakumbuka.

Na hapo ndipo ninapotaka kukwambia kitu ambacho wewe mwenyewe umekiandika ukakipita haraka. Ile injini ilikwenda kwenye mkokoteni ukaenda wewe shule. Hicho Kiingereza chako kilichonyooka wanachotaka ukitumie kuandika kwamba injini haijatoka, kimetoka kwenye hiyo injini. Mwanangu, hapo mimi niliweka simu chini kidogo. Sikuambii uandike ili watu wakuonee huruma, nakuambia uandike kwa sababu ndivyo ilivyotokea, na mtu anayenunua gari ya zamani ananunua na maisha yake. Zipo MGB ngapi za 1966 zilizolala gereji huko Surrey zimefunikwa shuka? Iliyojificha juu ya matofali Bugembe na kuku ndani, ikaokoka Amin, ikaokoka vita ya 79, ikalipa ada ya S.1, ikaja kuvuka daraja la Nile siku ya Idi, ipo hiyo moja.

Halafu tafuteni watoto wa yule bwana wa Main Street. Jina lake liko kwenye risiti. Wengi waliotoka Uganda mwaka ule walifikia Uingereza, Leicester hasa, na watoto wao siku hizi wanarudi Jinja kupiga picha maduka ya babu zao, wewe unawaona kuliko mimi. Pengine kuna picha ya baba yao kasimama pembeni ya hiyo gari. Pengine kuna mmoja anaitaka. Hata asiyeitaka, ni vizuri wajue ilitunzwa, na barua yao moja ya kukiri kwamba ndiyo baba aliiuza inafunga mdomo wa yeyote atakayekuja kuuliza gari ya Mhindi ilifikaje kwa fundi.

Kuhusu kuipeleka nje ikasubiri wateja, hapana. Hiyo gari isitoke uani kabla ya pesa. Mwaka 2018 Uganda ilipiga marufuku kuingiza gari iliyozidi miaka 15, sasa mkiitoa ikakosa mnunuzi mtairudishaje? Kenya nao kikomo chao ni miaka 8. Atakayeinunua kuipeleka popote, vibali vya kwake huko aendako avitafute yeye, kwa maandishi, kabla ya kulipa. Nyinyi kazi yenu ni logibuku iwe safi kwa jina la mzee, na mabadiliko ya injini yaandikishwe pale ofisi ya usajili kama hayajaandikishwa. Hilo nalo lifanyeni mapema, ndipo watu huwa wanakwama siku ya kuhamisha jina.

Mtangazie nani? Waandikie MG Car Club, chama cha wapenzi wa magari ya MG, ofisi yao iko huko huko Abingdon, wana wanachama dunia nzima na hao ndio wanaojua bei ya kweli. Waulize na watu wa Nairobi wanaopeleka magari yao kwenye Concours pale Ngong Racecourse, mashindano ya magari yaliyotunzwa, yapo tangu 1970 na wanaoshindana wanajuana, na Waganda wamo. Tuma picha kwa watatu wanne, uliza kila mmoja angeweka bei gani, utapata mahali pa kuanzia. Itakuwa chini sana ya 60,000, jiandae, na muandae kaka pia. Lakini itakuwa pesa inayokuja.

Nimekuandikia namna ambavyo mimi ningelianza, wewe utajaza ninayoyakosea:

"MGB ya wazi ya 1966, usukani kulia, iko Jinja, Uganda. Imemilikiwa na fundi mmoja tangu 1972, risiti ya siku ile ipo. Injini iliyomo si ya kiwandani. Ya kwanza ilipasuka blok ikauzwa kama chuma chakavu mwaka 1991 kulipa ada ya shule ya binti wa mwenye gari, ambaye ndiye anaandika tangazo hili. Iliyomo ni 18V kutoka MGB nyingine, imetoka Nairobi. Gia boksi ni ya zamani, gia ya kwanza haina sinkromeshi, simama kabisa ndipo uiingize. Bodi imechomelewa na mwenyewe kati ya 2011 na 2019, picha za kazi zipo, sehemu zilizowekwa bati jipya zimetajwa hapa chini. Cheti cha kiwanda kimeombwa. Anayetaka kuja na sumaku na jeki anakaribishwa."

Hapo kwenye sehemu za bati jipya usikisie, kaa na mzee ukiwa na daftari. Mshike mkono mpeleke kwenye gari, apapase ubavu mzima kwa vidole kuanzia mbele mpaka gurudumu la nyuma akuambie hapa nilikata, hapa niliacha, hapa bati nililitoa kwenye nini. Macho yamepungua ila vidole vya fundi vinajua. Mwulize na betri, zile za zamani zina mbili za volti 6 nyuma ya viti na waya chanya ndio uko kwenye bodi, kama hajabadilisha liandike hilo kubwa kubwa kwenye tangazo, asije mtu akaunganisha kinyume akaunguza waya zote. Washa rekoda ya simu wakati anaongea. Usiizime hata akitoka nje ya mada, hasa akitoka nje ya mada.

Na ukimaliza, msomee kama alivyosema. Msomee mbele ya kaka zako wote wawili. Pale atakapokusahihisha, futa langu, andika la kwake.

Wako,
Shangazi